Jeshi Lisilo na Anga: Historia ya Jandarmeri ya Katanga, 1960 hadi 1997

Tarehe 21 Januari 1963 askari wa Umoja wa Mataifa waliingia Kolwezi bila kupigwa risasi hata moja. Mji wa shaba uliokuwa ngome ya mwisho ya serikali ya Moïse Tshombe ulisalimu amri, na Katanga iliyojitangazia uhuru miezi thelathini nyuma ikarudi kuwa jimbo la Kongo. Jeshi lililoilinda, Jandarmeri ya Katanga, halikumalizika siku hiyo. Liliishi miaka mingine thelathini na minne, mara msituni, mara ng'ambo ya mpaka, mara likitumikia serikali ya Kinshasa na mara likiipindua. Mara mbili lilirudi Lualaba na bunduki mkononi.

Leo tunaliadhimisha kwa kulisimulia lote, ushujaa wake pamoja na damu iliyomwagwa kwa mkono wake. Askari wake walikuwa wana wa nyumba zetu, kutoka Dilolo, Sandoa, Kapanga, Mutshatsha, Bunkeya na kambi za wafanyakazi za Kolwezi. Wengi hawana kaburi linalojulikana. Na katika masimulizi yao yote kuna jambo moja lililojirudia kila kizazi: walijua kuishika ardhi, lakini hatima yao iliamuliwa angani, na mwenye anga hakuwa kamwe mtu wa hapa.

Shaba kwanza, askari baadaye

Huwezi kulielewa jeshi hili bila kuanzia kwenye mgodi. Kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga iliundwa mwaka 1906, na baada ya miaka michache reli iliyotoka kusini ikafika Élisabethville, yaani Lubumbashi ya leo. Mwaka 1931 njia ya magharibi ilikamilika, na shaba ikaweza kusafiri kupitia Dilolo na kukatiza Angola hadi bandari ya Lobito. Kolwezi ilijengwa kandokando ya njia hiyo mwishoni mwa miaka ya 1930, ikawa makao ya migodi ya magharibi: Ruwe, Musonoi, na baadaye Kamoto. Katika miaka ya 1950 maji ya mto Lualaba yalizuiwa Nzilo na Nseke ili kupata umeme wa viwanda. Mabwawa hayo mawili tutayakuta tena mbele, maana ilifika siku yakageuzwa silaha.

Utajiri wa namna hii ulilindwa kwa bunduki tangu mwanzo. Mwenye bunduki alikuwa Force Publique, jeshi la kikoloni lililorithiwa kutoka enzi za Mfalme Leopold wa Pili. Askari wake walikuwa Waafrika na maofisa wake Wabelgiji. Lilipigana vita viwili vikuu vya dunia. Mwaka 1941 lilimlazimisha Jenerali Gazzera wa Italia kujisalimisha huko Saio, Ethiopia. Mwaka huohuo, mwezi Desemba, risasi zake ziliwaelekea wafanyakazi wa Union Minière waliogoma Élisabethville wakidai nyongeza ya mshahara. Makumi walikufa. Vita vilidai shaba nyingi kuliko wakati wowote, na Shinkolobwe, karibu na Likasi, ilikuwa ikitoa urani iliyokuja kutumika katika mabomu ya atomiki ya Marekani. Mchimbaji hakuruhusiwa kusimamisha kazi.

Hili ndilo somo ambalo jeshi la Katanga lilizaliwa nalo: askari wa hapa analinda mali ambayo si yake, dhidi ya watu ambao ni wake.

Jeshi la wiki chache

Kongo ilipata uhuru tarehe 30 Juni 1960. Siku tano baadaye Force Publique iliasi, na tarehe 9 Julai uasi ukafika kambi ya Massart, Élisabethville. Askari wa Ubelgiji wakaingia mjini. Tarehe 11 Julai Tshombe, kiongozi wa chama cha CONAKAT na mtoto wa ukoo wa kifalme wa Walunda, akatangaza kuwa Katanga ni nchi huru. Godefroid Munongo, mjukuu wa Mfalme Msiri wa Bunkeya, akawa waziri wake wa mambo ya ndani.

Nchi mpya ilihitaji jeshi, na jeshi la zamani lilikuwa limeasi. Askari wasiotoka Katanga walinyang'anywa silaha na kurudishwa makwao. Meja Jean-Marie Crèvecoeur, Mbelgiji, akapewa kazi ya kuunda jeshi jingine upesi, nalo likaitwa Jandarmeri. Vijana waliandikishwa hasa katika maeneo yaliyomuunga mkono Tshombe: Walunda wa magharibi, Wayeke na majirani zao. Wengine waliletwa na machifu, wengine walifuata mshahara, na wengine waliamini kwa moyo wote kwamba wanailinda nchi yao. Katika muda wa mwaka mmoja walifika maelfu kadhaa, na kufikia mwisho wa 1962 walikadiriwa kuwa zaidi ya elfu kumi na tano. Norbert Muke, askari wa zamani wa Force Publique, alipandishwa cheo hadi kuwa jenerali na mkuu wa majeshi. Lakini juu yake na pembeni yake walikaa Wabelgiji, na baada yao mamluki: Roger Faulques, Bob Denard, Jean Schramme, Mike Hoare.

Matendo ya mwaka wa kwanza hayasahauliki. Kaskazini ya Katanga, Waluba wa chama cha BALUBAKAT, kilichoongozwa na Jason Sendwe, walikataa kujitenga na Kongo. Jandarmeri ilipelekwa kuwatiisha. Kuanzia Bukama hadi Manono na Kabalo vijiji vilichomwa na watu wengi wakauawa. Nao vijana wa BALUBAKAT walilipiza kwa ukatili wao. Katika safu za vijana hao alikuwamo Laurent-Désiré Kabila, tutakayemkuta tena mbele. Tarehe 17 Januari 1961 Patrice Lumumba, waziri mkuu wa kwanza wa Kongo, na wenzake Maurice Mpolo na Joseph Okito walipigwa risasi usiku karibu na Élisabethville, na waliofyatua risasi walikuwa askari wa Katanga wakiamrishwa na ofisa Mbelgiji. Kila anayeiheshimu historia ya jeshi hili anapaswa kuitaja tarehe hiyo bila kushusha sauti.

Ndege moja iliyotawala anga

Mwezi Februari 1961 Katanga ilipokea ndege tatu za jeti aina ya Fouga Magister, zilizotengenezwa Ufaransa. Zilikuwa ndege za kufundishia marubani, nyepesi, zenye bunduki mbili za rashasha puani na uwezo wa kubeba roketi au mabomu madogo. Haikuchukua muda moja ikaanguka na nyingine ikatekwa na Umoja wa Mataifa. Ikabaki moja, na kituo chake kikawa Kolwezi.

Tarehe 13 Septemba 1961 Umoja wa Mataifa ulianzisha operesheni ya kuvunja nguvu za Tshombe na kuwaondoa mamluki. Hapo Fouga ya Kolwezi, ikirushwa na rubani Mbelgiji José Magain, ilionyesha thamani ya anga tupu. Majeshi ya Umoja wa Mataifa hayakuwa na ndege hata moja ya kivita. Ndege hiyo moja ilishambulia Élisabethville, ikaupiga uwanja wa kambi ya Kamina, na ikawapiga askari wa Ireland, kama mia moja na hamsini, waliozingirwa Jadotville, Likasi ya leo, chini ya Kamanda Pat Quinlan. Baada ya siku tano, wakiwa wameishiwa maji na risasi, askari hao walijisalimisha.

Hofu ya ndege hiyo ilifika mbali. Usiku wa tarehe 17 kuamkia 18 Septemba Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa, Dag Hammarskjöld, alisafiri kwenda Ndola, katika Zambia ya leo, kuonana na Tshombe. Ndege yake iliruka usiku na kupita njia ya kuzunguka ili kuikwepa Fouga. Ilianguka karibu na Ndola, na Hammarskjöld na wote waliokuwa pamoja naye wakapoteza maisha. Mjadala juu ya chanzo cha ajali hiyo haujafungwa hadi leo.

Kwa siku chache hizo za Septemba Kolwezi ilikuwa na anga. Ilikuwa mara ya kwanza, na ikawa ya mwisho. Katika wiki zilizofuata zikaja jeti za Sweden aina ya Saab J 29, ndege za Ethiopia aina ya F-86, na ndege za India za kudondosha mabomu aina ya Canberra. Mwanzoni mwa Desemba 1961 uwanja wa Kolwezi ulishambuliwa, na ndege za Katanga zikaungua zikiwa chini.

Wapiga mizinga wa Kengere

Mwaka 1962 ulipita katika mazungumzo. Tshombe aliahidi, akaahirisha, akaahidi tena, huku akinunua ndege nyingine kwa siri, nyingi zikiwa Harvard, ndege za rafadha za kufundishia zilizofungwa bunduki. Nyingi ziliwekwa Kolwezi, kwenye uwanja wa Kengere. Safari hii jeshi lilikuwa limejifunza: pembeni mwa uwanja ziliwekwa silaha za kutungulia ndege, na vijana wakapewa kazi ya kuzitumia.

Tusimame kidogo hapa, kwa sababu kazi hiyo ni ngumu kuliko inavyodhaniwa. Jeti ya J 29 ikishambulia kwa mwendo wa kilomita 900 kwa saa hukata mita 250 kila sekunde. Bunduki nzito ya rashasha ina nafasi halisi ya kuipata ikiwa ndani ya kilomita moja hivi. Kwa hiyo tangu ndege inapofika ndani ya upeo hadi inapokuwa juu ya kichwa chake, mpiga mzinga ana sekunde nne. Katika sekunde hizo hawezi kuilenga ndege yenyewe, maana risasi ikifika pale, ndege imekwisha kupita. Anapaswa kulenga mahali patupu mbele yake, akikadiria mwendo, urefu na pembe kwa jicho lake. Majeshi makubwa huwasaidia wapiga mizinga wao kwa rada, simu na mitambo ya kukokotoa. Vijana wa Kengere walikuwa na macho na masikio. Na rubani aliyekuwa akiwajia alikuwa amefanya mazoezi ya miaka mingi.

Tarehe 28 Desemba 1962, baada ya siku kadhaa za mapigano Élisabethville, Umoja wa Mataifa ulianza operesheni yake ya mwisho. Mapema katika operesheni hiyo jeti za Sweden zilijitokeza juu ya Kengere. Mawingu yalikuwa chini kiasi kwamba roketi hazikuweza kutumika, hivyo marubani wakashuka na kupiga kwa mizinga yao ya milimita 20. Wahenga walisema aliye juu mngoje chini, na siku hiyo mawingu yaliwaleta chini. Majandarme walisimama kwenye silaha zao wakarudisha moto. Jeti kadhaa zilirudi kituoni zikiwa na matundu ya risasi. Hakuna iliyoanguka. Mashambulizi yakarudiwa siku zilizofuata, na katika muda mfupi jeshi la anga la Katanga likawa limekwisha, karibu lote likiwa chini.

Tunawakumbuka wapiga mizinga hao kwa namna ya pekee. Walibaki mahali pao wakati ambapo kila mwenye akili angekimbilia shimoni. Majina yao hayajaandikwa katika kitabu chochote kinachosomwa shuleni, ilhali aina ya ndege zilizowashambulia, vikosi vyake na kazi zake vimehifadhiwa kwa makini katika nchi zilizozituma.

Anga ilipokwisha, ardhi haikuweza kushikwa. Kikosi cha India chini ya Brigedia Reginald Noronha kilivuka mto Lufira na kuingia Jadotville tarehe 3 Januari 1963. Tshombe akarudi nyuma hadi Kolwezi, na hapo akabakiwa na karata moja: baruti zilizofungwa kwenye bwawa la Nzilo na mitambo ya umeme. Zikilipuliwa, migodi yote ya magharibi ingezima, na watu wa bondeni wangesombwa na maji. Baruti hazikulipuka. Tarehe 14 na 15 Januari Tshombe alitangaza kwamba kujitenga kumekwisha, na wiki moja baadaye Kolwezi ilifunguliwa kwa amani. Uamuzi wa kutolipua Nzilo ni sehemu ya historia hii inayostahili shukrani kuliko ushindi wowote wa vita. Umeme wa bwawa hilo uliendelea kuendesha migodi na viwanda vya Lualaba kwa miaka mingi baadaye.

Kambi ya kukodishwa

Majandarme wachache walikubali kuingia katika jeshi la taifa. Wengi walificha silaha na kurudi vijijini, na maelfu walifuata reli hadi Angola, iliyokuwa bado chini ya Wareno. Kuanzia hapo kila aliyehitaji askari wazoefu alijua pa kuwapata.

Wa kwanza alikuwa Tshombe mwenyewe. Julai 1964 alirudi kutoka uhamishoni akawa waziri mkuu wa Kongo nzima, na kazi yake ya kwanza ikawa kuzima uasi wa wapiganaji walioitwa Simba, walioiteka Stanleyville, Kisangani ya leo, tarehe 5 Agosti. Aliwaita majandarme wake kutoka Angola. Chini ya Kanali Frédéric Vandewalle, Mbelgiji, msafara wao ulitoka Kamina ukaenda kaskazini kwa barabara mbovu na mapigano ya wiki nyingi. Ulifika Stanleyville tarehe 24 Novemba 1964. Alfajiri ya siku hiyohiyo askari wa miavuli wa Ubelgiji walikuwa wamekwisha kurukia mjini kutoka ndege za Marekani. Dunia ikaandika habari za miavuli. Waliosafiri kutoka Kamina wakabaki aya ndogo mwishoni mwa taarifa.

Jenerali Mobutu alipotwaa madaraka ya Kongo Novemba 1965, hakuwaamini, na walikuwa na sababu ya kutomwamini. Julai 1966 waliasi Kisangani wakiongozwa na Kanali Ferdinand Tshipola, wakashindwa. Julai 1967 waliingizwa katika uasi wa mamluki wa Schramme. Waliishika Bukavu kuanzia Agosti hadi mwanzoni mwa Novemba, huku ndege za serikali zikiwapiga kutoka juu. Mwishowe walivuka kuingia Rwanda. Mamluki Wazungu walipata ndege ya kuwarudisha Ulaya. Wakatanga waliahidiwa msamaha wakarudi Kongo, na wengi wao hawakuonekana tena. Tofauti hiyo ya hatima kati ya watu waliopigana bega kwa bega ni jeraha ambalo familia nyingi za Lualaba zinalo hadi leo.

Tshombe mwenyewe alikuwa tayari mfungwa Algeria, baada ya ndege yake kutekwa tarehe 30 Juni 1967. Alifia huko mwaka 1969.

Waliokuwa Angola walipata kiongozi mpya, Nathanaël Mbumba, aliyekuwa polisi huko Katanga. Mwaka 1968 aliwaunganisha katika chama kilichoitwa FNLC. Wareno waliwatumia dhidi ya wapigania uhuru wa Angola. Utawala wa Kireno ulipoanguka, walifanya mapatano na MPLA, mojawapo ya vyama vya wapigania uhuru hao, na kupigana upande wake katika vita vya 1975. Hivyo askari walioanza wakiwa walinzi wa kampuni ya Kibelgiji walijikuta upande mmoja na Wakuba waliokuja kuisaidia MPLA. Waliobadilika si wao. Kila mwenye nguvu aliyewapa chakula na silaha aliwadai vita vyake, nao waliendelea kuhesabu siku za kurudi nyumbani.

1977 na 1978

Tarehe 8 Machi 1977 walirudi. Nchi sasa iliitwa Zaire, jimbo liliitwa Shaba, na Union Minière ilikuwa imetaifishwa tangu 1967 na kuwa Gécamines. Wapiganaji kama elfu mbili, ambao watu waliwaita Tigres, walivuka kutoka Angola. Walichukua Dilolo, Kisenge na Kasaji bila upinzani mkubwa, na tarehe 25 Machi wakaingia Mutshatsha, umbali wa kilomita mia moja na ushee kutoka Kolwezi. Vijijini waliwatendea raia kwa heshima, na wengi waliwapokea kama watoto waliorudi. Kisha mwezi Aprili ndege za Ufaransa zikashusha Kolwezi askari 1,500 wa Moroko. Mwishoni mwa Mei Tigres walikuwa wamerudi Angola. Jeshi la Mobutu lilipopita katika vijiji vilivyowapokea, liliadhibu bila kuchagua, na maelfu ya raia wakakimbia kuwafuata ng'ambo ya mpaka. Katika wakimbizi hao Mbumba alipata askari wapya.

Jumamosi tarehe 13 Mei 1978, alfajiri, walitokea Kolwezi kwenyewe, safari hii kupitia Zambia. Walikadiriwa kuwa elfu tatu au nne. Katika muda wa saa chache walikuwa na mji, uwanja wa ndege, na ndege za kijeshi za Zaire zilizokuwa zimeegeshwa, ambazo waliziharibu. Hata wao walikwisha kuelewa kwamba adui wao mkubwa hutoka juu.

Lakini nidhamu ya mwaka uliotangulia ilivunjika. Katika siku zilizofuata nyumba ziliporwa, watu wakahukumiwa barabarani, na raia, Waafrika na Wazungu, wakauawa. Katika jumba moja la mtaa wa P2 Wazungu zaidi ya thelathini walipigwa risasi kwa pamoja. Askari wa Zaire nao walihusika katika maovu, na kutenganisha makosa ya kila upande kunahitaji uchunguzi ambao Kinshasa ya wakati ule haikuutaka. Makadirio yanayotajwa zaidi ni Wazungu kati ya 130 na 170, na Waafrika wapatao 700. Wazungu walihesabiwa mmojammoja na kuombolezwa kwa majina. Waafrika walibaki tarakimu ya jumla, iliyokadiriwa.

Tarehe 16 Mei kampuni ya askari wa miavuli wa Zaire ilirushwa juu ya mji ikaangamizwa. Kikosi cha Meja Mahele, kilichokuja kwa barabara, kilifanikiwa kuuchukua uwanja wa ndege. Kisha alasiri ya Ijumaa tarehe 19 Mei askari kama 400 wa kikosi cha pili cha miavuli cha Legioni ya Kigeni ya Ufaransa, chini ya Kanali Philippe Erulin, waliruka juu ya Kolwezi, na wenzao wakafuata kesho yake. Ndege za kuwabeba zilipita chini na polepole, jambo ambalo betri moja ya mizinga iliyofunzwa vizuri ingeweza kulizuia. Tigres hawakuwa nayo. Wabelgiji walitua tarehe 20 Mei, na raia wa kigeni zaidi ya elfu mbili wakaondolewa kwa ndege. Watu wa mitaa ya Manika, Dilala na Musonoi hawakuwa na ndege ya kuwangoja. Walibaki kuzika maiti, na baadaye kuulizwa na jeshi la Mobutu nani alimpa nani maji.

Kurudi kwa mara ya mwisho

Mobutu na Rais Agostinho Neto wa Angola walipatana mwaka huohuo, Angola ikawanyang'anya Tigres silaha, na FNLC ikasambaratika. Wengine waliingizwa katika jeshi la Angola, wengine wakawa wakulima. Watoto walizaliwa huko, wakakua wakisikia habari za Kolwezi wasiyoijua.

Mwanzoni mwa 1997 Angola iliwakusanya tena na kuwapeleka mashariki mwa Kongo kwa ndege, ili kumsaidia Laurent-Désiré Kabila katika vita vya kumwondoa Mobutu. Mchango wao ulikuwa mkubwa katika kuanguka kwa Kisangani mwezi Machi, na tarehe 9 Aprili Lubumbashi nayo ikaanguka. Kijana wa BALUBAKAT wa 1961 na jeshi lililochoma vijiji vya kwao sasa walikuwa upande mmoja. Mei 1997 Mobutu aliondoka. Ndoto iliyodumu miaka thelathini ilitimia kwa sehemu: walirudi nyumbani, ingawa wakiwa askari wa mwingine kwa mara nyingine tena.

Deni letu

Wengine wamewakumbuka watu wao. Ireland, baada ya kuwanyamazia kwa miongo mingi askari wake wa Jadotville, iliwapa nishani mwaka 2017. Ufaransa inaadhimisha mruko wa Mei 1978, na mwaka 1980 Raoul Coutard aliutengenezea filamu nzima. Hatuwalaumu kwa hilo. Mtu huwatunza wafu wake.

Sisi pia tumekuwa na watunzaji. Tshibumba Kanda-Matulu, mchoraji wa Katanga, alichora historia ya nchi hii katika picha zaidi ya mia moja mwaka 1973 na 1974, zikiwemo za vita vya kujitenga, na akazieleza moja baada ya nyingine kwa Kiswahili chetu mbele ya mwanaanthropolojia Johannes Fabian. Alifanya kwa turubai na brashi kazi ambayo vyuo havikuwa vimeianza. Lakini kazi ya mtu mmoja haitoshi kwa jimbo zima.

Tangu 2015 Lualaba ni mkoa wenye gavana wake na makao makuu yake Kolwezi. Kobalti inayotoka chini ya miguu yetu imo katika betri za magari na simu za dunia nzima. Uwezo wa kuandika historia yetu upo. Chuo Kikuu cha Kolwezi kinaweza kuwatuma wanafunzi wakarekodi sauti za wazee waliobaki: jandarme wa 1962, mjane wa 1967, mkimbizi wa 1977, mtu wa Manika aliyezika jirani zake 1978, na Mluba wa Bukama aliyekimbia moto wa Jandarmeri. Wote wahojiwe kwa Kiswahili, kwa usawa, na maneno yao yahifadhiwe hapahapa. Majina ya wale 700 yatafutwe mtaa kwa mtaa, parokia kwa parokia, kitabu cha malipo cha mgodi kwa kitabu cha malipo, hadi tarakimu ile igeuke orodha.

Na watoto wetu wafundishwe jambo ambalo jeshi hili lilijifunza kwa gharama kubwa mno. Ujasiri wa askari haukupungua Kengere mwaka 1962, wala Mutshatsha mwaka 1977. Kilichokosekana ni uamuzi: nani anatutuma, kwa faida ya nani, na nani atakayebaki na sisi ndege zikishaondoka. Kijana yeyote wa Lualaba anayeombwa leo kushika silaha kwa ajili ya madini, chama au kabila anayo haki ya kuuliza maswali hayo matatu kabla ya kujibu. Wazee wake hawakupewa nafasi ya kuyauliza, na kumfundisha kuyauliza ndiko kuwaheshimu.